Homa ya mume wangu inaisha na kurudi, sasa daktari amemsimamishia dawa

SWALI

Daktari, salaam na pole kwa kazi.

Naomba msaada wako kwa sababu ndani ya familia kila mtu ana lake, na mimi ndiye niliye katikati. Mume wangu ana miaka 43. Ni miezi miwili sasa anapandwa na homa, zaidi jioni. Anatetemeka, usiku analoa jasho mpaka nabadilisha shuka, asubuhi anaamka kama hana kitu ila hana nguvu. Amepungua mwili, suruali zote zinampwaya. Mara ya kwanza tuliambiwa ni mafua. Mara ya pili malaria, ingawa kipimo hakikuonyesha. Kisha njia ya mkojo, kwa sababu mkojo ulikutwa na damu kidogo ambayo kwa macho huioni. Kisha mapafu. Kila mara alipewa antibayotiki, siku ya tatu anapata nafuu, anakula, anarudi kazini. Dozi ikiisha, wiki haipiti, homa ni ile ile.

Wiki iliyopita tulimwona daktari mwingine, bado kijana. Huyo alimsikiliza moyo kwa muda mrefu, akamkagua kucha moja moja, akamvuta kope za chini kutazama ndani, akauliza kama aliwahi kuambiwa ana tatizo la moyo. Ni kweli, akiwa shuleni aliambiwa moyo wake una sauti ya ziada, lakini haukuwahi kumsumbua. Akauliza habari za meno. Lipo gego bovu ambalo amekuwa akiahirisha kuling'oa. Akasema huenda bakteria wamekaa kwenye vali ya moyo, akamlaza wodini.

Hapo ndipo vurugu ilipoanza. Alipimwa eko ya kifuani, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, majibu yakasema hakuna kinundu kwenye vali, ila vali moja ni nene na inavujisha. Damu ikaoteshwa maabara kuona kama ina bakteria, wakati huo bado anameza dozi ya mapafu, na hakuna kilichoota. Nikamshukuru Mungu. Lakini badala ya kumruhusu, daktari amesimamisha antibayotiki zote. Anataka damu itolewe upya mara tatu, na aingizwe mpira kooni ili moyo utazamwe kwa nyuma. Nilipomuuliza kama ana hakika ni moyo, alinijibu "inawezekana", basi.

Shemeji yangu amekuja juu. Anasema wanamfanyia majaribio, vipimo viwili vimeshasema mzima, na ni daktari gani anamnyima mgonjwa dawa huku homa inapanda? Anataka tumhamishe. Mama mkwe naye amehifadhi vidonge vilivyobaki vya dozi iliyopita, ananiambia nimpe kimya kimya usiku homa ikimpanda. Sijampa, ila nikimwona anavyotetemeka naumia.

Inawezekana kweli vipimo viseme hakuna na ugonjwa uwepo? Mbona wamemkatia dawa? Na je, nimhamishe?

Mke niliye katikati ya ndugu

JIBU

Dada yangu, pole sana, na mgonjwa umpe pole zangu.

Nianze na vidonge vya mama mkwe, maana hilo ni jambo la usiku wa leo. Usimpe, hata kimoja. Najua mkwe hakataliwi hivi hivi, na mama anasema kwa huruma ya mzazi, basi mwambie daktari wa kwenye safu ndiye aliyekataza, lawama nibebeshe mimi. Kumpa antibayotiki kwa siri sasa hivi ni sawa na kufagia nyayo za mwizi kabla polisi hawajafika: mwizi bado yumo ndani, ila wa kumfuatilia hana tena pa kuanzia. Lakini maboksi ya dawa hizo usiyatupe. Yakusanye, pamoja na ya dozi zote zilizotangulia kama bado yapo, uandike kwenye karatasi jina la kila dawa, nguvu yake, siku aliyoanza na siku aliyomaliza. Mpelekee daktari kesho asubuhi. Homa yenyewe inaweza kushushwa kwa parasetamoli, ambayo haiui bakteria wala haiharibu kipimo cha kuotesha damu. Mwombe muuguzi wa wodi ampe.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Anachoshuku daktari wenu kinaitwa endokadaitisi, yaani maambukizi ya utando wa ndani wa moyo, hasa kwenye vali. Vali iliyo nzima na laini, bakteria wengi huipita tu. Vali nene inayovujisha ni habari nyingine. Damu inaipiga kwa msukosuko, uso wake unachubuka, na pale palipochubuka chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) na nyuzi za damu iliyoganda zinajishika. Bakteria akiingia kwenye damu, kutoka kwenye fizi, ngozi, utumbo au njia ya mkojo, anapata pa kung'ang'ania. Anazaana, tabaka jingine la nyuzi linamfunika, anazaana tena. Hatimaye kinaota kinundu kinachocheza na kila pigo la moyo. Ndani ya kinundu hicho chembe nyeupe za damu hazifiki vizuri, na vali yenyewe karibu haina mishipa ya damu ya kuzileta. Vidonge vya siku tano au saba vinaua wale wa juu na waliokwisha kumwagika kwenye damu. Ndiyo ile nafuu unayoiona siku ya tatu. Waliojificha ndani wanabaki, dozi ikiisha wanaendelea walipoachia.

Kwa hiyo homa inayozimwa na antibayotiki kisha ikarudi, na tena, na tena, kwa mtu mwenye sauti ya ziada moyoni, peke yake ilitosha kumfanya daktari aketi afikiri. Huyu kijana aliketi akafikiri.

Unaweza kuuliza, mbona waliomtangulia hawakuona? Kwa sababu ugonjwa huu hauna uso wake. Homa, jasho, uchovu, kukonda na upungufu wa damu ni dalili za magonjwa chungu nzima, kuanzia kifua kikuu hadi saratani ya tezi za limfu. Halafu vinundu vinamegeka. Kipande kikienda kwenye figo, mkojo unakuwa na damu na mgonjwa anatibiwa njia ya mkojo. Ambukizo likiwa upande wa kulia wa moyo, vipande vinakwenda kwenye mapafu, na eksirei inaandikwa nimonia. Kikienda kwenye bandama, analalamika ubavu wa kushoto. Bakteria wakitua kwenye uti wa mgongo, anapewa dawa za maumivu ya mgongo kwa wiki kadhaa. Kikipanda kwenye ubongo, ni kiharusi, na hapo ndipo wengine hugunduliwa kwa mara ya kwanza. Takribani robo ya wagonjwa, siku ugonjwa unapotambuliwa, tayari kipande kimeshakwenda mahali. William Osler, daktari aliyezaliwa Kanada, alitoa mihadhara London mwaka 1885 juu ya ugonjwa huu, na tayari wakati huo aliueleza kuwa miongoni mwa magonjwa magumu kabisa kuyatambua. Hakuwa na eko wala antibayotiki. Sisi tunavyo vyote viwili, na bado unatuponyoka.

Zile kucha alizokuwa akizitazama daktari hakuwa anapoteza muda. Vipande vidogo na mishipa midogo iliyovimba huacha alama. Chini ya kucha huonekana vistari vyembamba vyekundu au vya kahawia, vimelala kwa kufuata urefu wa kidole, mtu angedhani amechomwa na kibanzi cha mbao. Kwenye ncha za vidole vinaweza kutokea vivimbe vidogo vinavyouma ukivigusa, na hivyo ndivyo vinavyobeba jina la Osler. Kwenye viganja na nyayo ni madoa yasiyouma, na ndani ya kope vitone vyekundu. Siku hizi wagonjwa wengi hawana hata alama moja kati ya hizo, ndiyo maana hazitegemewi, lakini zikiwepo zinaokoa wiki nzima ya kubahatisha. Kazini kwake mumeo anashika nini sijui, na vistari vya kucha hutokea pia kwa kugonga vidole, hivyo usianze kumkagua na kushtuka.

Waliosema mafua wiki ya kwanza siwalaumu, hata mimi ningesema hivyo. Lakini kumwandikia mtu antibayotiki mara ya tatu na ya nne kwa homa ile ile bila kutoa damu ya kuotesha, hilo silitetei.

Damu ilioteshwa, hakuna kilichoota. Uliposhukuru Mungu hukukosea kushukuru, ila majibu hayo hayakusema ulichoelewa. Damu ya mtu aliye kwenye antibayotiki inaingia kwenye chupa ikiwa na dawa ndani yake, na bakteria waliodhoofika hawaoti hata kama wapo. Kati ya wagonjwa ambao kweli wana endokadaitisi, takribani mmoja kwa kila kumi damu yake haioteshi kitu, mahali pengine ni zaidi ya hapo, na sababu inayoongoza ni hiyo hiyo: dawa ilitangulia kipimo. Ndiyo maana amesimamishiwa. Anayefanya hivi anamtibu mgonjwa, ingawa kwa macho ya ndugu aliyesimama kando ya kitanda hakuna kinachofanyika.

Kaa naye wakati wanatoa damu, utaona ni kazi ya uangalifu. Ngozi inapakwa dawa ya kuua vijidudu na kuachwa ikauke yenyewe. Muuguzi akisubiri, asiharakishwe. Kila mchomo unajaza chupa mbili, moja kwa bakteria wanaotaka hewa ya oksijeni na nyingine kwa wasioitaka, takribani mililita 10 kila chupa. Kisha mkono mwingine, chupa mbili nyingine. Kisha mara ya tatu. Shemeji asiseme wanamnyonya damu, jumla yake haifikii nusu ya ile inayotolewa na mtu anayechangia damu. Mara tatu ina sababu mbili. Kwanza, damu ikiwa nyingi, bakteria wachache wana nafasi zaidi ya kunaswa. Pili, ngozi zetu wote zina bakteria wake, na sindano inaweza kuwabeba. Wakiota kwenye chupa moja kati ya sita, pengine ni wa ngozi. Yule yule akiota katika michomo yote mitatu, huyo yumo kwenye damu, tena yumo muda wote. Katika ugonjwa huu bakteria humwagika kutoka kwenye vali bila kukoma, kwa hiyo si lazima kusubiri homa ipande ndipo damu itolewe.

Chupa huwekwa kwenye mashine yenye joto kama la mwili, ambayo inahisi hewa ya kaboni dayoksaidi inayotolewa na bakteria wanapokua. Wengi huota ndani ya siku mbili tatu, lakini maabara kwa kawaida husubiri siku tano kabla ya kuandika kwamba hakuna kitu. Ukipewa jibu siku ya pili kwamba bado hakuna, hilo bado si jibu.

Na wapo bakteria ambao hawaoti kwenye chupa hizo hata kama mgonjwa hajaonja dawa. Coxiella ni mmoja, hupatikana kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, hasa wakati wa kuzaa. Bartonella huenezwa na chawa wa mwilini au hutoka kwa paka na viroboto wao. Brucella huota taratibu mno, na huingia kwa maziwa yasiyochemshwa. Hao wa Coxiella na Bartonella hutafutwa kwa kupima kingamwili kwenye damu. Kwa hiyo mumeo akiulizwa kama amewahi kuzalisha mnyama au kama anakunywa maziwa mabichi, asicheke akadhani daktari anapiga soga. Ajibu kwa ukamilifu.

Kuna kisa kimoja huwa nakikumbuka. Mwaka 1911, mtunzi wa muziki Gustav Mahler akiwa New York alishikwa na homa isiyokatika, na vali zake zilijulikana kuwa na hitilafu. Madaktari walimtoa damu, wakaiotesha, siku chache baadaye ikaota bakteria aitwaye streptokoko. Walipata jibu sahihi kabisa, na hawakuwa na dawa hata moja ya kulifuata. Alifariki Vienna mwezi Mei mwaka huo huo akiwa na miaka 50. Penisilini ilikuja miaka ya 1940. Sasa mambo yamegeuka: dawa tunazo, tena tunazipata kirahisi kiasi kwamba mtu anameza nne kabla jibu halijatafutwa.

Shemeji atauliza, kama dawa zipo si apewe tu ya nguvu, jina la bakteria la nini? Kwa sababu tiba hapa ni ya wiki nne hadi sita, mwanzoni yote kwa njia ya mshipa. Streptokoko wa mdomoni ana dawa yake, stafilokoko ana nyingine, enterokoko huhitaji mbili kwa pamoja, Coxiella hutibiwa kwa miezi mingi sana. Baadhi ya dawa hizi huumiza figo na masikio zikitolewa muda mrefu. Kumfungia mtu dripu wiki sita kwa kubahatisha, kisha wiki ya tano ugundue dawa haikumhusu, ni hasara ambayo vali haitairudisha. Jina likijulikana, hata mambo mengine hulegea: utafiti uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa walioimarika, baada ya siku zisizopungua kumi za dawa ya mshipa, wanaweza kumalizia kwa vidonge. Huwezi kuchagua vidonge hivyo kama hujui unamwua nani.

Eko nayo. Ile ya kifuani inafanyika kwa kupitisha mawimbi ya sauti katikati ya mbavu, nayo yanapunguzwa na mafuta, mifupa na hewa ya mapafu. Kwa mtu mwenye vali zake za kuzaliwa, inakamata wagonjwa kama saba kati ya kumi. Kinundu cha milimita mbili tatu kinaipita. Kinundu kilichomegeka jana hakipo tena cha kuonekana leo. Na vali ambayo tayari ni nene kwa kovu la zamani, kama ya mumeo, inamchanganya hata mtaalamu: kovu linaweza kusomwa kuwa kinundu, na kinundu kikasomwa kuwa kovu. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, hupita nyuma ya moyo, umekaribiana nao kabisa, bila mbavu wala pafu katikati. Kipimo kikifanyika kutokea huko, kinakamata zaidi ya tisa kati ya kumi. Ndiyo sababu ya mpira.

Si kipimo cha kufurahisha, sitakudanganya. Atakaa bila kula kwa takribani saa sita, atapuliziwa dawa ya ganzi kooni, atapewa ya kumtuliza, atalala kwa ubavu wa kushoto na kung'ata kipande cha plastiki kinacholinda mpira usitafunwe. Mpira wenyewe una unene wa kidole hivi. Atataka kutapika mwanzoni, kisha inapita. Koo litawasha siku moja. Mambo mawili lazima yasemwe mapema: kama ana shida ya kumeza chakula, na kama lile gego bovu linacheza. Jino likidondoka kwenye njia ya hewa mgonjwa akiwa na usingizi, ni tatizo jipya ambalo hakuna aliyelihitaji. Na kama mpira nao hautaonyesha kitu lakini daktari bado ana shaka, msishangae akisema warudie baada ya siku tano hadi saba. Ndivyo miongozo inavyoelekeza, kwa sababu kisichoonekana Jumatatu kinaweza kuwa kimekua Jumatatu inayofuata.

Lile jibu la "inawezekana" ndilo lililomchoma shemeji zaidi, naona. Angekaa na wewe akakufafanulia, barua hii pengine isingeandikwa. Ukweli ni kwamba hakuna kipimo kimoja cha endokadaitisi. Mwaka 1994 madaktari wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipanga vigezo ambavyo vimerekebishwa mwaka 2000 na tena 2023, na ndivyo vinavyotumika duniani. Viko vikubwa, hasa bakteria wanaojulikana kwa ugonjwa huu kuota kwenye damu zaidi ya mara moja, na vali kuonekana imeshambuliwa kwenye picha. Viko vidogo: moyo wenye hitilafu tangu awali, homa ya kufika nyuzi 38, alama za vipande vilivyomegeka, na vingine. Viwili vikubwa, au kimoja kikubwa na vidogo vitatu, au vidogo vitano, mgonjwa anaandikwa kuwa anao kwa hakika. Kimoja kikubwa na kidogo kimoja, au vidogo vitatu, anaandikwa inawezekana. Kwa uliyoniandikia, mumeo ana vidogo viwili waziwazi, homa na vali mbovu. Kama daktari aliona vitone vyekundu ndani ya kope, ni vitatu; vistari vya kucha peke yake havihesabiwi kwenye vigezo hivi. Alikujibu kwa daraja la mgonjwa lilivyo kwa sasa. Angesema ana uhakika, mimi ndiye ningeshtuka.

Mimi pia sina uhakika, nawe usiniweke kwenye upande wa wanaojua. Inawezekana kabisa mwisho wake ukawa kifua kikuu, ugonjwa wa kinga kushambulia mwili, au uvimbe ndani ya chumba cha moyo, ambao unaweza kuleta homa na kukonda na hata kumegeka vipande kama kinundu. Kuna pia maambukizi ya mfuko unaouzunguka moyo, ambayo watu huyachanganya na haya. Huko mgonjwa kwa kawaida analalamika kifua, maumivu yanazidi akilala chali na kupungua akiinama mbele, na eko huonyesha maji kwenye mfuko. Kwa mumeo hukutaja lolote la namna hiyo.

Kusimamisha dawa kuna mpaka wake, na huu uujue vizuri kuliko yote niliyosema. Kunafaa kwa mgonjwa aliyetulia, aliyelazwa, anayepimwa presha na homa mara kwa mara. Akibadilika, hakuna kusubiri: damu inatolewa michomo yote mitatu kwa haraka na dawa ya mshipa inaanza ndani ya saa ile ile, chupa zitaota au hazitaota. Kwa hiyo ita muuguzi mara moja, hata kama ni usiku wa manane, ukiona anahema kwa shida au hawezi kulala bila kuinuliwa kichwa, miguu imevimba ghafla, mdomo umepinda, mkono hauna nguvu, maneno hayatoki vizuri, amechanganyikiwa, kidole au mguu umekuwa wa baridi na umepauka, amezimia, au mapigo ya moyo yamekuwa ya polepole isivyo kawaida. Hilo la mwisho mara nyingine lina maana usaha umeingia kwenye njia za umeme wa moyo karibu na vali, na ndiyo maana watakuwa wanampima umeme wa moyo kila siku au kila baada ya siku chache. Wasipompima, uliza.

Kuhusu kumhamisha, shemeji yako hana kosa kuuliza, kosa lingekuwa kumwondoa leo katikati ya kipimo ili mkaanze upya mahali ambapo jambo la kwanza atakalopewa ni antibayotiki. Msubiri damu itolewe. Kisha nendeni kwa daktari pamoja, shemeji awepo, mumuulize: dawa imesimamishwa kwa siku ngapi, na nini kitakufanya uianze kabla ya hapo? Vali inavujisha kiasi gani? Ikithibitika, hapa yupo daktari wa upasuaji wa moyo, au mmeshaongea na hospitali anakopatikana? Swali hili la tatu ndilo lenye uzito wa kumhamisha mtu. Wagonjwa wengi wa aina hii huishia kuhitaji upasuaji, kwa moyo kushindwa kazi, kwa ambukizo lisilokubali dawa, au kwa kinundu kikubwa kinachotishia kumegeka, na uamuzi huo hauwezi kuanza kutafutiwa gari usiku hali ikiwa imeharibika. Kama hapo mlipo hakuna, basi kuhamishwa ni sawa, ila kwa barua ya daktari, majibu ya eko, namba za chupa zilizopo maabara, na ile karatasi yako ya dawa. Mpe shemeji kazi ya kufuatilia maabara kila siku. Ana hasira ya kutosha kuifanya vizuri.

Gego nalo lishughulikiwe kabla hajatoka hospitalini, lakini kwa mpango: daktari wa meno aambiwe habari ya vali, na siku ya kung'oa iamuliwe pamoja na daktari wa moyo, dawa zikiwa zimeanza. Ikithibitika kuwa alikuwa na endokadaitisi, kuanzia hapo atahitaji kinga ya antibayotiki kila kabla ya kung'olewa jino au kusafishwa fizi, kwa sababu aliyeugua mara moja ana hatari kubwa ya kuugua tena.

Majibu ya chupa yakitoka, niandikie jina la bakteria kama lilivyo kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Likiwa Streptococcus gallolyticus, muulize daktari lini atapimwa utumbo mpana, maana huyo huambatana na uvimbe wa huko, na hilo husahaulika sana homa inapokuwa imekwisha.